Mtoto Asilie

Kuna swali moja likifika masikioni mwangu damu inanichemka: "Mbona hamfanyi kitu?" Nimeshaulizwa na akina baba, na mabibi, na mjomba mmoja aliyekuja na suti, na safari moja na fundi aliyekuja kutengeneza feni tu. Miaka yote hii niko kwenye chumba cha dharura cha watoto, na bado watu wanadhani nesi asiyekimbia huku na huku ni nesi anayengoja chai. Huwa nawajibu, na sijibu kwa upole. Lakini siku niliyoulizwa swali hilo na nesi mwenzangu, tena niliyemfundisha kazi kwa mikono yangu hii, niliogopa.

Tulikuwa tunamwita Bomba. Alipokuja kwangu mwanafunzi, mtoto akichomwa sindano alilia mtoto, na yeye akafuatia. Yaani machozi yalikuwa yanangoja tu afunguliwe. Nilimgombeza, nikamtania, nikambembeleza, wapi! Mwisho akanijia ofisini na macho mekundu, akaniambia, "Sista, watu wazima nawaweza. Hawa watoto wataniua." Akahamia wodi ya upasuaji ya wanaume, ghorofa ya juu, na huko, usicheze naye. Majibaba yenye ndevu yanameza vidonge kimya kimya yeye akisimama tu miguuni pa kitanda.

Sasa asubuhi hiyo, wagonjwa ndiyo kwanza wanaanza kujipanga kwenye benchi, mlango wangu ukafunguliwa kwa teke. Alikuwa Bomba, na sare yake ya kazi, amembeba binti yake. Nyuma yake alikuja mdogo wake, mama mdogo wa mtoto, aliyekuwa amemleta kutoka nyumbani. Mikono kichwani, yowe hadi benchi la mwisho.

"Sista, kitanda! Nipe kitanda nimlaze! Leteni dripu, leteni barakoa, mbona mmesimama?"

Mimi mama simtazami kwanza. Namtazama mtoto. Huyu alikuwa wa miaka mitatu hivi, ameketi wima mikononi mwa mama yake, shingo ameitanguliza mbele, mdomo wazi, kidevu chote kimelowa mate. Kila akivuta pumzi ilisikika sauti nyembamba, ya kukwaruza, na pale chini ya koo ngozi ikabonyea ndani. Hakohoi. Halii. Macho tu ndiyo yanazunguka chumba kizima, makubwa, kama anamtafuta mtu wa kumuuliza jambo.

Mate yale yalikuwa yanamtoka kwa sababu hawezi kuyameza. Kuna kifuniko kidogo cha nyama kooni, kile kinachofunika njia ya pumzi tunapomeza chakula kisipotee njia. Kikishambuliwa na vijidudu kinavimba, na mtoto aliyekuwa anacheza asubuhi, mchana humtambui. Na mtoto mwenyewe anajua, jamani. Mkao ule wa shingo mbele hakuuchagua kwa deko; ndio unaomwachia upenyo wa kupitisha hewa. Ukimlaza chali, kifuniko kinaangukia upenyo. Ukimbonyeza ulimi ili uchungulie, unaweza kuuziba. Ukimchoma sindano akapaza kilio, uvimbe na kilio vinasaidiana kuuziba. Na mara ukishaziba, una dakika chache sana za kujuta.

Kwa hiyo yote aliyokuwa anayataka Bomba, kitanda, dripu, barakoa ya kumbana usoni, yote yalikuwa sahihi kabisa kwa mwanamume wa wodi yake. Kwa binti yake yangeweza kuwa ya mwisho. Kazi ya kwanza pale, kabla ya dawa, kabla hata ya kipimajoto, ilikuwa moja tu: mtoto asilie.

Daktari wa zamu, kijana mpole ambaye huwa nampenda kwa sababu hajifanyi, alikuwa ameshafika ubavuni kwangu. Aliona nilichokiona. Hakumsogelea mtoto, hakutoa tochi.

"Sista, umeona?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Nimeona."

"Nakwenda mwenyewe kumwita mtu wa usingizi, kule chumba cha upasuaji. Simu wanaweza wasipokee."

Akatoka taratibu kama anayekwenda dukani, na alipovuka mlango nikasikia viatu vyake vikitimka.

Nikamgeukia mama mdogo. Yule kwa yowe lake angemliza hata mwenye afya. "Mdogo wangu," nikamwambia, "nenda getini ukamsubiri baba wa mtoto. Humu mtu akija peke yake anapotea." Akafuta macho, akanyoosha mgongo, akaenda na jukumu lake. Baadaye Bomba aliniambia kwamba baba wa mtoto alikuwa safarini, nchi nyingine kabisa. Potelea mbali; getini palikuwa panamfaa.

Bomba alikuwa ameshaanza kumshusha mtoto kitandani. Mtoto alipohisi mgongo unaelekea chini akakakamaa, ile sauti ya kooni ikapanda.

"Mwinue!" nilisema. Sikupaza sauti, lakini Bomba anaijua sauti yangu hiyo. "Keti kwenye kiti. Mpakate. Mwache akae anavyotaka."

"Sista, mtoto anabanwa! Mbona hamfanyi kitu?"

Ndilo swali lenyewe hilo, nalo limetoka kwa mtu anayevaa sare kama yangu. Nilichuchumaa mbele yake, uso kwa uso, nikajilazimisha kutabasamu kwa sababu mtoto alikuwa ananiangalia.

"Nisikilize, na wewe tabasamu," nikamwambia. "Koo la mwanao limevimba. Limebaki tundu dogo. Akilia, tundu linaziba. Mtu wa usingizi anaitwa, atampitishia mpira wa kupumulia akiwa amelala, na hapo ndipo tutamchoma unavyotaka. Mpaka hapo hakuna mtu atakayemgusa ila wewe. Umenielewa?"

Nilimwona anaelewa. Uso wote ulimshuka, kidevu kikaanza kutetemeka, nikajua bomba lenyewe ndilo hilo linafunguka.

"Usithubutu," nikamwambia huku bado natabasamu mpaka mashavu yananiuma. "Ukilia wewe, atalia na yeye. Jikaze kisabuni, mama. Leo wewe si nesi. Nesi ni mimi."

Akameza mate. Akavuta pumzi ndefu. Kisha akainamisha uso kwenye nywele za mtoto na kusema kwa sauti nyepesi, ya kawaida kabisa, "Unamwona huyu shangazi? Ndiye yule mkali niliyekuwa nakusimulia." Mtoto akanitazama kwa makini. Sikujali, siku hiyo ningekubali kuitwa hata zimwi.

Nikafungua oksijeni, nikauchomoa mpira kwenye barakoa, nikampa Bomba aushike karibu na uso wa mtoto, hewa impulizie bila kumgusa. Nikaandaa puto la kupulizia pumzi kwa mkono na vifaa vya koo, nikavifunika kwa taulo. Nikawaambia wa kwenye benchi kimya, na kwa jicho nililowakata, walinyamaza hata waliokuja na maumivu ya meno. Baada ya hapo nilivuta kigoda, nikakaa. Watu hawaamini, lakini kukaa kule ndiko kulikonitoa jasho kuliko kazi yote ya wiki hiyo. Mikono yangu ilikuwa inawasha. Nilikuwa nahesabu pumzi zake kimoyomoyo, nikitazama rangi ya midomo, na nje naongea upuuzi wa paka na panya.

Daktari akarudi. Akaniinamia sikioni: mtu wa usingizi yuko katikati ya upasuaji, tumbo la mtu liko wazi, mwenzake wa kumpokea ameshaitwa kutoka nyumbani. Tungoje.

Mtoto akaanza kuchoka na hadithi zangu. Akajinyonganyonga, akakunja uso. Mimi na daktari tukatazamana. Hapo ndipo alipojigeuza kidogo mapajani mwa mama yake, na kitu kikalia ndani ya mfuko wa sare. Mkono wake mdogo ukaingia, ukatoka na furushi la funguo.

Alizitazama. Akazitikisa. Zikalia. Uso ukakunjuka, na ile sauti ya kooni ikashuka kidogo. Nikamshukuru Mungu kwa hizo funguo.

Lakini Bomba alikuwa amebadilika rangi.

"Sista," alininong'oneza, "nimetoka nazo."

Sikuhitaji kuuliza. Kila wodi ina kabati la dawa kali, zile za maumivu makubwa, na ufunguo wake unakaa mwilini mwa msimamizi wa zamu. Hauwekwi mezani, hauachwi kwenye droo, hata chooni unakwenda nao. Ukitoka kwenda popote unamkabidhi mwenzako mkononi. Kuondoka wodini na funguo mfukoni ni kosa letu sisi manesi, mtu mwingine hawezi hata kulifikiria, na aliyelifanya hutaniwa mpaka anastaafu. Bomba alipigiwa simu kwamba mtoto yuko getini hawezi kupumua, akashuka ngazi mbio. Nani angekumbuka kabati?

"Kuna baba mmoja pale dirishani," aliendelea, midomo inatabasamu na macho yamejaa hofu. "Amekatwa mguu jana. Nilimwahidi dawa nikimaliza kuzungukia vitanda. Nilimwahidi, Sista."

Kabla sijajibu, mlango ukafunguliwa akaingia Mrefu. Huyu ni nesi wa kiume wa wodi ile ile, na jina lake nadhani halihitaji maelezo. Huwa anainama kwenye milango yote ya hospitali. Alikuwa anahema kwa ngazi na kwa hasira.

"Funguo," alisema. "Nina mtu kule juu anauma shuka. Za akiba anazo metroni, na metroni yuko kwenye mkutano mjini. Dada, nipe funguo."

"Sauti," nikamwambia.

"Sauti nini, Sista? Mtu anateseka!"

"Analia?"

"Analia ndiyo!"

"Basi anapumua," nilisema, na nikajichukia maneno yaliponitoka. Maumivu ya mguu uliokatwa si kitu cha kufanyia ukali. Lakini mimi nikiogopa huwa mkali, ndivyo nilivyoumbwa.

Bomba naye, jamani, unesi haukumtoka. Kusikia mgonjwa wake anauma shuka, mkono ukaenda wenyewe. Alishika funguo na kuzivuta taratibu kutoka kwenye vidole vya mwanawe, huku akisema, "Nipe kidogo mama, kidogo tu nimpe mjomba."

Mtoto akazing'ang'ania. Uso ukakunjika, kidevu kikatetemeka sawasawa na cha mama yake, mdomo ukapanuka. Akavuta pumzi ya kulia, na pumzi yenyewe haikuingia. Kifua kilibonyea, sauti ikakatika. Midomo niliyokuwa naichunga tangu aingie ikaingia weusi mbele ya macho yangu. Daktari alifunua taulo.

"Mwachie!" nikasema.

Bomba aliziachia kama zimemchoma. Na hapo, mimi niliyemwona akilia kwa sindano za watoto wa watu, nilimwona akifanya nisichokitarajia. Alicheka. Kicheko chepesi cha mama anayecheza na mwanawe sebuleni.

"Ebo! Nani kasema anazitaka funguo za mwanangu?" alisema. "Ni huyu? Huyu mrefu huyu? Hizi ni zako, mama. Ni zako kabisa. Mwambie hapana."

Mtoto alikuwa bado amefungua mdomo. Macho yakaenda kwa Mrefu.

Na Mrefu, ambaye sijawahi kumwona akimbembeleza hata mkewe, alielewa. Alikunja lile umbo lake lote mpaka magoti yakagusa sakafu, akaweka mikono kifuani. "Samahani sana, mama," alimwambia. "Nimekosea nyumba. Hizo ni zako."

Mtoto akamtikisia kichwa kwa ukali: hapana. Kilio kikasahaulika njiani. Pumzi ikaingia, nyembamba, ya kukwaruza, na sijasikia sauti mbaya iliyonifurahisha vile. Weusi ukapungua midomoni. Daktari akarudisha taulo.

Mrefu alibaki pale pale chini. Akanitazama mimi, hasira hana tena. "Nifanyeje, Sista?" alinong'ona. "Yule mzee kweli anaumia."

Kanuni inakataza dawa kali kuhama wodi bila saini ya metroni. Kanuni naijua, mimi ndiye ninayewafundisha wanafunzi. Nikamtazama daktari, daktari akanitazama. Nikatoa ufunguo wangu kimya kimya, nikaushika usilie, tukafungua kabati langu wote watatu tukishuhudia, nikampa Mrefu dozi ya mgonjwa wake. "Metroni akirudi mwambie ni mimi," nikamwambia. "Akitaka kunila, anile." Mrefu akaondoka na dawa, akainama mlangoni, na hakuufunga kwa kishindo.

Haikupita muda simu ikalia: chumba cha upasuaji kiko tayari. Tulikwenda na kiti cha magurudumu, Bomba amekaa, mtoto mapajani, funguo mkononi, mimi nasukuma taratibu na daktari kando yetu na puto lake chini ya koti. Tulikuwa tunasema habari za paka mpaka ndani.

Mtu wa usingizi ni mzee mwenye mvi, mchache wa maneno. Alimwona mtoto alivyokaa, akapiga magoti mbele ya kiti badala ya kumwita kitandani. "Shikamoo hujui kusema leo, eeh? Haya, tutasalimiana kesho," akamwambia, na akaanza kumsogezea hewa ya usingizi, mkono wake ukiwa mbali kidogo, kisha karibu, kisha karibu zaidi. Mtoto alimtazama mama yake. Bomba alikuwa bado anatabasamu. Kope zikawa nzito. Vidole vikalegea, funguo zikaanguka sakafuni, na hakuna aliyeziokota.

"Mama atoke," alisema yule mzee.

Nilimshika Bomba mkono tukatoka. Kwenye korido kuna benchi la mbao, hakulikalia. Alisimama ukutani, akitazama mlango, na lile tabasamu likiwa bado limeganda usoni kama alisahau namna ya kulitoa.

"Nilikuwa na tochi mfukoni," alisema. "Pale getini nilitaka kumfungua mdomo nimwangalie. Nikaona bora nimlaze kwanza."

"Hukumwangalia."

"Nilikuwa namlaza, Sista. Ungechelewa kidogo ningekuwa nimemlaza. Mwanangu. Ningemuua kwa kanuni zote, na dripu iko mkononi."

Ningeweza kumwambia maneno mengi. Kwamba mikono yake ilifanya ilichozoea, kwamba kule juu hiyo mikono imeokoa wanaume chungu nzima. Kwamba hata sisi wa watoto huwa tunajishika wenyewe tusiguse, na si kila mara tunaweza. Nilisimama karibu yake mpaka mabega yakagusana, tukasikiliza. Ndani walikuwa wanasemezana kwa sauti fupi fupi. Chuma kiligonga trei. Halafu kimya, kimya kile ambacho hata ukikaa miaka kwenye kazi hii hukizoei. Bomba alinishika kidole kimoja tu, akakibana.

Mlango ukafunguliwa. Yule mzee aliishusha barakoa hadi kidevuni, uso wote jasho.

"Mpira umepita," alisema. "Mdogo kuliko tuliouandaa, lakini umepita. Hewa inaingia pande zote mbili. Tutamwacha amelala siku mbili tatu, dawa zifanye kazi, uvimbe ushuke." Akamtazama Bomba. "Alifika akiwa ameketi. Angefika amelala, tusingekuwa tunaongea hivi."

Akarudi ndani.

Bomba aligeuka kuniangalia. Tabasamu lilikuwa bado liko palepale. Akaniuliza kwa adabu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka darasani:

"Sista, sasa naruhusiwa kulia?"

Nikafungua mdomo nimwambie ndiyo, na sauti ikagoma. Kilichotoka kilikuwa kilio, cha mtu mzima, kibaya, cha kwikwi, pale koridoni mbele ya wafagiaji na wabeba machela. Miaka yote ya kuwafokea wanafunzi wajikaze, na siku hiyo aliyeshindwa kujikaza ni mimi. Nikakalia lile benchi. Bomba akakaa kando yangu, akanivuta kichwa begani kwake, akaanza kunipigapiga mgongo taratibu kama anavyompigapiga mwanawe.

"Lia tu, dada," aliniambia. "Mimi nitangoja."